Ufafanuzi Ulioishia Sura ya Tisa

Siku yangu ya kwanza kazini, Meneja wa duka letu la vitabu vya dini, pale katikati ya jiji, aliniita Mutheu mara tatu kabla sijaitika. Nilikuwa nimeduwaa mbele ya rafu ya Ufunuo, kitabu cha mwisho cha Biblia. "Si wewe ni Mlutheri?" akauliza. "Basi wachagulie wateja. Kila mtu anataka kujua mwisho wa dunia." Akanipa miezi mitatu ya majaribio.

Ninyi mnaonunua vitabu kwa simu, ngojeni niwaeleze. Kitabu cha ufafanuzi hufuata Biblia mstari kwa mstari, na vile vikubwa hugawanywa juzuu mbili au zaidi. Mwinjilisti mmoja wa Kinoo, aliyefundisha darasa la akina mama kila Jumatano, aliagiza kumi vya Kilutheri juu ya Ufunuo. Nikamchagulia chenye jalada gumu na herufi za dhahabu. Loo, nilivyojiona!

Baada ya mwezi akarudi, uso umemkunjana. "Dada Mutheu, umetumaliza. Nzige wametoka shimoni, theluthi ya watu wamekufa, halafu kitabu imeisha! Akina mama wamegoma kuja darasa. Wanasema hiyo mwisho hawataki."

Nikafungua. Juzuu ya kwanza, sura ya kwanza hadi ya tisa. Ya pili haikuandikwa kamwe, mwandishi alifariki. Nami sikuwa nimeangalia hata ukurasa wa yaliyomo. Aibu niliyoiona! Meneja akavua miwani. "Wiki mbili, Mutheu. Akina mama warudi darasani, ama wewe uende nyumbani."

Kila alasiri nikawa naenda Parklands, kwenye maktaba ya chuo cha theolojia, nikapanga mezani vitabu vitano vilivyojiita vya Kilutheri. Cha kwanza kilimpa mnyama wa sura ya kumi na tatu jina la rais wa ng'ambo, nikakifunga. Cha pili kilihesabu miaka elfu ya sura ya ishirini kwa kalenda, ilhali sisi Walutheri husema ni kipindi chote cha Kanisa tangu Kristo ashinde. Cha tatu kilijaa Kigiriki. Cha nne kiligombana na waandishi wenzake kila ukurasa, wallahi kama majirani wa ploti wanaotumia bomba moja la maji. Cha tano kilikuwa chembamba, jalada la kahawia. Nikakianza sura ya mwisho nikirudi nyuma, na kila nilipogusa nilimkuta Kristo, Mwana-Kondoo. Nililia humo maktabani, wala sioni haya kusema.

"Hii?" Meneja akaguna nilipomwekea mezani kile chembamba nilichokiazima.

"Hiyo hiyo," nikasema, na Jumatano nikakipeleka Kinoo mwenyewe.

Walikuja watatu tu. Nikawasomea habari za nzige upya, kisha nikawavusha hadi pale Mungu anapofuta machozi. Bibi mmoja akapiga makofi: "Kumbe tuliachwa njiani!" Jumatano iliyofuata benchi zilijaa, na Mwinjilisti akampigia Meneja simu kuagiza kumi vya hicho chembamba.

"Sasa, Mutheu," Meneja akasema, "kitabu chochote cha Ufunuo kitapita kwako kwanza."

Vilipita kwangu chini ya mameneja wanne, hadi nikastaafu. Siku ya kuniaga, akina mama wa Kinoo walijaa dukani, wateja wakakosa pa kupita, vigelegele vikatikisa rafu. Meneja wa wakati huo akaninong'oneza kwamba duka ni mahali pa utulivu.

"Waache, Bwana Meneja," nikamwambia. "Hawa wamesoma mpaka mwisho."