Maji Yaliyoongezeka Kwenye Lisonzo la Bibi

Nyasi zilizolowekwa hazinukii kama nyasi zilizonyeshewa. Za mvua hunukia kidogo tu, jua likitoka harufu inakwisha. Zile za bibi zilikaa kwenye karai la maji nyuma ya mlango mpaka zikawa na harufu nzito, tamu kidogo, kama uji ulioanza kuchacha, na harufu hiyo iliingia kwenye mapazia, kwenye sare yangu ya shule na hata kwenye mkate. Nje ilishindana na harufu ya mapanki, yaani mifupa ya sangara iliyobaki viwandani baada ya minofu kukatwa na kusafirishwa Ulaya. Jirani yetu aliianika juu ya mawe, na jioni aliikaanga barazani kwake. Tulikaa Igoma, pembeni ya mji wa Mwanza, kwenye nyumba ya vyumba viwili iliyobanwa na majabali, na kila harufu iliyoingia pale ilikaa. Mpaka leo, nikipita mahali panaponuka nyasi mbichi na samaki kwa pamoja, nageuka kumtafuta bibi, ingawa najua vizuri kwamba nilimzika.

Bibi alikuwa mama yake baba. Alikuja kuishi kwetu kutoka Sengerema babu alipofariki, akavuka kwa kivuko cha Kigongo akiwa na kuku wawili, blanketi, na furushi kubwa la nyasi. Baba alipomwona anashuka na furushi lile alicheka, akamuuliza kama alidhani Mwanza hakuna nyasi. “Zenu ni za mbuzi,” bibi alimjibu, akampa furushi abebe. Zake zilikuwa za kusukia masonzo. Kwa asiyejua, lisonzo ni bakuli la nyasi linalosukwa duara juu ya duara, na linabanwa sana mpaka linashika maji, maziwa au togwa bila kuvuja hata tone. Bibi alitumia spoku ya baiskeli aliyoinoa kwenye jiwe. Alitoboa, akapitisha unyasi, akavuta, akatoboa tena. Nyasi nyeusi za nakshi alizizika kwanza kwenye tope la mbuga mpaka zikashika rangi. Wala hakuyauza masonzo yake, aliyagawa kwa watu aliowapenda na kuwanyima wale waliomuudhi. Mama akimwambia “pole na kazi,” bibi alikuwa mkali. “Kazi gani, Mama Minza? Kazi ni kulima. Hapa nacheza.”

Minza ni mimi. Bibi aliniita mke mwenzake, kwa utani wa bibi na mjukuu, na alinisimanga mbele za wageni kwamba nimekuja kumnyang'anya mume hali kupika sijui. Nilikuwa darasa la nne. Miaka ile ilinichanganya sana. Watu wazima walisema mambo sasa ni ruksa, kila mtu na auze anachotaka, na kweli maduka yaliyokuwa matupu nilipokuwa mdogo yalijaa sabuni za rangi, viatu vya mitumba na redio ndogo za kaseti. Lakini watu wazima haohao walikaa vibarazani wakisema maisha hayajawahi kuwa magumu namna ile. Baba alipunguzwa kazi kwenye kiwanda cha kuchambua pamba. Mimi nilielewa kwamba kazi yake imepunguzwa, basi atakuwa anawahi kurudi nyumbani. Nilishangaa alipoacha kwenda kabisa. Mama ndiye aliyetulisha, akiuza sokoni vyombo vya plastiki: ndoo, mabeseni, mabakuli mekundu na ya kijani yaliyopangwa moja ndani ya jingine. Kwa hiyo nyumbani kwetu mmoja alisuka bakuli kwa mwezi mzima na mwingine aliuza mabakuli lukuki kabla ya saa sita mchana, na wote wawili walilala chini ya bati moja bila kugombana. Hilo nalo sikulielewa.

Mwaka huohuo shangazi Kabula, kitinda mimba wa bibi, alichumbiwa na kijana wa Kisesa. Katika ukoo wetu ilikuwa desturi kwamba mama wa bibi harusi ndiye anayesuka lisonzo la kupelekea togwa ukweni. Lisonzo linajazwa mbele ya wakwe, linawekwa katikati ya mkeka, na watu wanazungumza mambo yao huku wakiliangalia chini yake kwa jicho la pembeni. Mkeka ukibaki mkavu, binti katoka kwenye nyumba inayojua kushika mambo. Ukilowa, hakuna atakayesema kitu siku ile, ila watasema miaka yote itakayofuata. Bibi alikwisha kuwasukia mashangazi zangu wakubwa. Kabula ndiye aliyebaki. “La huyu nataka liwe zuri kuliko yote,” alisema. “Huyu nilimzaa nikiwa nimechoka.”

Niliona mapema kwamba mambo si mazuri, kwa sababu nilikuwa nakaa karibu yake nikifanya hesabu zangu za shule. Kidole gumba cha mkono wa kulia kilikuwa kimevimba kwenye kiungo na hakikukunjika. Spoku ilimponyoka, ikaanguka, akaiokota, ikaanguka tena. Zamani alisuka akiangalia barabarani na kuwasema wapita njia. Sasa aliinamia lisonzo mpaka pua ikaligusa, na bado spoku ilichoma pembeni. Alifumua mzunguko mzima, akasuka upya, akafumua. Asubuhi alikaa akiwa amezamisha mikono kwenye maji ya moto, macho ameyafumba. Nilipomuuliza anafanya nini alisema anaiamsha. Mama aliyaona yote hayo. Siku moja nilimsikia akimwambia baba jikoni, “Mwambie mama yako apumzike, tutanunua lisonzo kwa mtu.” Baba akasema, “Mwambie wewe, mnashinda wote.” Mama akamkazia macho. Mkamwana atamwambiaje mama mkwe wake kwamba mikono yake imekwisha? Na baba, ambaye mikono yake mwenyewe ilikuwa imekaa bure tangu kiwanda kimwache, hakuweza kulitamka neno hilo.

Likaisha. Lilikuwa zuri, na nakshi zake nyeusi zilizunguka kama nyayo za ndege, ingawa upande mmoja zilikuwa zimepinda. Siku ya kulijaribu bibi alimwaga majivu makavu juu ya jiwe bapa lililokuwa uani, akayasawazisha kwa kiganja, akaweka lisonzo juu yake na kulijaza maji, akaacha nafasi ya kidole chini ya ukingo. Hivyo ndivyo walivyojaribu kwao: majivu hayafichi kitu, tone likidondoka linaacha alama. Likae hivyo mpaka jioni baba akirudi kutoka kutafuta vibarua, wote tuone. Ilikuwa Jumamosi. Nilikaa kivulini nikicheza mdako peke yangu, maana rafiki zangu walikuwa wamekwenda ziwani kufua.

Bibi alipokwenda msalani niliona mama anatoka jikoni haraka. Aliinama, akagusa majivu. Yalikuwa yamelowa upande mmoja, yamekuwa meusi. Alinyanyua lisonzo, akakumba yale majivu kwa ufagio, akamwaga mengine, akalirudisha, akaongeza maji kwa kikombe. Kisha akaniona. Aliweka kidole mdomoni, akajitwika beseni lake la vyombo akaenda sokoni. Nikajisemea, sawa, ndivyo linavyojaribiwa. Jua lilipopanda bibi alitoka ndani, akatazama njia yote aliyopita mama, akatazama huku na huku. Mimi nilikuwa nimehamia nyuma ya jabali, hakuniona. Aliinama kwa shida, akagusa majivu, akakaa pale ameinama muda mrefu mpaka nikadhani mgongo umemkamata. Kisha naye alifagia, akamwaga majivu mapya, akaongeza maji. Hakuona vizuri ukingo, akazidisha. Alifuta mikono kwenye khanga, akarudi ndani akiimba wimbo wa kanisani.

Jioni tulisimama wote uani. Majivu yalikuwa makavu kabisa. Maji yalikuwa yamefika ukingoni, yanang'aa, yanataka kumwagika. Baba alifurahi kuliko nilivyomwona akifurahi tangu aachishwe kazi. “Mama,” alisema, “hii mikono haijazeeka!” Mama akasema, “Hata mimi nimeona.” Bibi akasema, “Mungu ni mwema.” Nami nilikuwa mtoto anayesoma hesabu, nikasema kwa sauti, “Lakini maji yameongezeka.”

Baba alinitazama kama mtu aliyesikia redio inakwaruza. Mama alitazama majivu na bibi akamtazama mama, nami nikaona uso wa bibi unabadilika polepole kutoka kwenye hofu kwenda kwenye kitu ambacho sikukijua na bado sikijui jina lake. Halafu akaanza kucheka. Alicheka mpaka akashika ukuta. Mama naye akacheka, huku machozi yanamtoka, na baba akawa anauliza, “Mnacheka nini? Nini?” na hakuna aliyemwambia. Nilichanganyikiwa. Nilikuwa nimefundishwa kwamba uongo ni dhambi, na hapa nimeona uongo wa watu wawili, kila mmoja akimficha mwenzake kitu kilekile, na badala ya kugombana walikuwa wanacheka kama mashoga kisimani.

Kesho yake, baada ya ibada, bibi alimwita mama. “Mama Minza, kwenye vyombo vyako kuna bakuli linaloingia humu?” Mama alileta mabakuli yote ya saizi ile. Waliyajaribu wote wawili wakiwa wamepiga magoti, jekundu likakwama, la kijani likazama ndani ya lisonzo taratibu, likakaa kana kwamba lilitengenezwa kwa ajili yake. Bibi alisuka ukingo juu ya mdomo wa plastiki, kwa shida, mama akimshikia. Tukaenda nalo Kisesa. Togwa ilimiminwa mbele ya wakwe kabla mtu hajachungulia ndani, lisonzo likawekwa katikati ya mkeka, na wale wazee wakaangalia chini kwa jicho la pembeni mpaka shughuli ikaisha. Mkeka ulikuwa mkavu. Mama mkwe wa shangazi alimshika bibi mikono akamwambia kwamba siku hizi wanawake wa kusuka hivi hawapatikani tena. Bibi alisema, “Ni kweli kabisa.”

Tulipofika nyumbani aliichomeka spoku kwenye gunzi la mahindi ili isimchome mtu, akampa mama aitunze. Karai la nyasi akalimwaga nyuma ya nyumba. Baba alimuuliza kwa nini, wakati lisonzo limependwa vile. “Baba Minza,” alisema, “mikono yangu nayo imepunguzwa kazi.” Mwanzoni baba hakucheka. Halafu alicheka kidogo, akaenda kukaa karibu yake kwenye benchi, na walikaa pale wawili, mikono yao imelala mapajani, wakitazama magari ya Musoma yanayopita. Nilitegemea bibi atahuzunika. Siku kadhaa alikuwa na furaha kuliko kawaida, akawasimanga wapita njia mmoja baada ya mwingine. Kisha, bila sababu niliyoiona, alilia asubuhi nzima kwa ajili ya kuku aliyekanyagwa na baiskeli.

Siku hizi pale Kigongo kuna daraja, na mtoto wangu ananiuliza kivuko kilikuwa kinafananaje. Baba hatunaye, na bibi tulimrudisha Sengerema kumzika. Mama anaishi na mimi Nyakato. Alipoacha biashara alianza kudarizi mashuka, maua makubwa mekundu yenye majani ya kijani, na ukimwambia pole na kazi utajuta. Lakini macho yamepungua na vidole vinatetemeka. Petali zinaingiliana, majani yanaota pembeni mwa mashina. Jumatano akienda kwenye jumuiya nafumua kidogo, narekebisha, nairudisha sindano palepale alipoiacha. Nilidhani nafanya kwa ustadi. Wakati mwingine najiuliza kama namsaidia au namwibia, maana shuka likiisha sijui tena ni la nani. Na kumwambia aache siwezi. Nimesoma, nina cheo ofisini, nawaambia watu wazima makosa yao kila siku, lakini hilo moja limenishinda kama lilivyomshinda yeye.

Juma lililopita alitandaza shuka mapajani akapitisha kidole juu ya ua moja, polepole, mzunguko baada ya mzunguko. Akavua miwani.

“Minza,” alisema, “maji yameongezeka.”

Nilitaka kucheka naye, kama wao walivyocheka, lakini kicheko hakikuja. Alininyooshea sindano. Haikuwa na uzi. Sikujua kama ananiomba nimtungie au ananikabidhi, na uso wake haukunisaidia. Niliipokea, nikatunga uzi mwekundu, nikaishika katikati yetu.