Farasi Aliyetokea Kulia

Amisi wa Nyangwe aliona sinema moja tu maishani mwake, kule Kasongo, kabla ugonjwa wa macho haujampofusha. Ilikuwa ya mpanda farasi anayevuka nchi ya theluji, nyeupe yote kama unga wa muhogo, akipeleka dawa kwao. Tangu hapo aliisimulia barazani, na kila mara mkono wake wa kulia ulinyooka: "Anatokea huku." Watu waliacha nyavu zao wakaja kumsikiliza. Mkewe Aziza aliijua yote kwa moyo, ila alikuwa na shaka asiyowahi kuitamka, kwamba mumewe ameitia chumvi.

Mwaka mmoja lori la sinema la serikali likafika Nyangwe na sinema ile ile. Yakubu, mchuuzi wa samaki, alikwisha kuiona Kasongo, naye hakuficha kicheko. "Iko farasi tu, anatembea mu pamba. Amisi alituongezea mambo." Aziza alikosa hata hamu ya kula. Mume wake hakuwa na macho wala nguvu za kupiga kasia. Alibakiwa na heshima hiyo moja, na sasa ingepimwa mbele ya mji mzima.

Giza lilipoingia, shuka lilitundikwa uwanjani. Wanaume walikaa mbele. Wanawake, kwa adabu ya mji, walikaa nyuma ya shuka, nao waliona kwa kuwa kitambaa kilikuwa chepesi na picha zilipenya. Amisi alikaa huko pia, ili mkewe awe macho yake.

"Anatokea upande gani?" akauliza.

"Kushoto, Baba Nuru."

"Angalia muzuri."

"Iko kushoto."

Amisi aliukunja ule mkono mapajani. "Basi nimedanganya watu miaka yote hii. Hata kichwa kimepofuka."

Aziza aliumia sana. Pale kwenye shuka mpanda farasi alishuka, akakaribishwa chakula, akala kwa mkono wa kushoto. Mwenyeji akala kwa kushoto. Bibi kizee, naye kushoto. Mji mzima usio na adabu? Hapo Aziza akaelewa ni wao waliokaa kinyume, wakaona kulia kama kushoto.

Akamshika mumewe mkono, akazunguka naye shuka mpaka kwa wanaume, jambo ambalo hakuna mwanamke aliyelifanya. Farasi alirudi mkubwa kuliko nyumba.

"Anatokea kulia," alisema kwa sauti, kila mtu asikie. Kisha polepole, "Lakini hukuniambia pumzi."

"Pumzi gani, Mama Nuru?"

"Farasi anapumua moshi. Baridi yenyewe inaonekana."

"Niliiona. Nilikosa maneno."

Miaka yote Aziza alidhani mumewe ameiongeza hadithi. Kumbe alikuwa ameipunguza.

Tangu siku ile, Amisi alipofika mahali hapo pa hadithi, barazani, alikuwa akisita na kusema, "Mama Nuru, sema wewe." Na Aziza, kutoka mlangoni, alisimulia pumzi ya farasi, na Yakubu alikuwa wa kwanza kusogea karibu asikie.