Miluše wa Habrovka: Mwanamke aliyeishinda mashine ya kahawa

Saa nne asubuhi treni ya kwenda Praga inaondoka stesheni ya Habrovka, vioo vya baa vinatetemeka, naye Miluše Tvrzická hata hageuki. Ameinamisha glasi chini ya bomba, anaacha povu litangulie, kisha bia ifuate polepole. Glasi ya kwanza ya siku ni yake. Anaonja, anafumba macho, anaridhika.

"Pipa ni zima," anatangaza. "Leo mtakunywa kama wafalme, ingawa nyuso zenu si za kifalme."

Wazee walio karibu na jiko la kuni wanaangua kicheko. Wana haki ya kucheka. Leo mkataba mpya wa baa hii umeanza kazi, na miezi michache iliyopita hakuna aliyethubutu hata kuuota.

Miluše ana miaka sitini na mmoja. Zaidi ya nusu ya umri huo ameumalizia nyuma ya kaunta hii, tangu mumewe Bohuš alipofariki na kumwachia binti mchanga, baa, na mapipa ya kubeba peke yake. Yapo majira ya baridi aliyopika supu ya utumbo huku homa imempanda, maana kufunga siku moja kulimaanisha kukosa kuni za kesho. Kodi ilipopanda maradufu, aliongeza saa za kazi akanyamaza.

Mwaka jana ofisi ya stesheni ikatoa tamko: mkataba ukiisha, baa ivunjwe, pawekwe mashine za kahawa.

"Nililia, nikufiche nini?" anasema. "Nililia huku naosha glasi, ikabidi nizioshe upya."

Ndipo siku moja ya theluji, mwezi wa pili mwaka huu, akaingia Bwana Řehoř Smékal, afisa aliyetumwa kuupima ukumbi kabla ya kuubomoa. Akaagiza bia ndogo, moja tu, treni yake ilikuwa inakaribia. Meza ikayumba. Basi Bwana Smékal, mhandisi wa watu, akakunja kikadi chake cha kuwekea glasi, akakichomeka chini ya mguu wa meza ili achore ramani yake kwa raha.

Hapo alijichongea mwenyewe. Katika baa ya Wacheki inayojiheshimu, mnywaji akitosheka huifunika glasi kwa kikadi chake. Asipofunika, glasi ikikauka huletewa nyingine, wala haulizwi.

"Alijua vizuri sana!" anasema Oldřich Pazdera, dereva wa treni mstaafu, aliyekaa naye meza moja siku hiyo. "Kwani kazaliwa mwezini? Alisahau tu. Bia ya pili ilipofika akafungua mdomo akatae, akaliona lile povu. Akaufunga."

"Sasa mzee, si ungemkumbusha?" namuuliza.

"Mimi? Mdomo wangu ulikuwa na kazi nyingine."

Treni yake ikapita. Theluji ikazidi, treni zilizofuata zikachelewa, na abiria wakaanza kuingia wakitetemeka meno. Mwalimu mmoja alifuata funguo alizoziacha kwa Miluše asubuhi. Mama mwenye mtoto anayekohoa alipewa kiti cha karibu kabisa na jiko. Kila treni ilipokaribia, Miluše alipaza sauti kuwaita abiria wake, na bibi mmoja kipofu, Miluše mwenyewe alimshika mkono hadi ndani ya behewa. Bwana Smékal akaacha kuchora.

Miluše aliporudi, theluji bado mabegani, akamwekea bakuli la supu.

"Bwana mkubwa, hiyo mashine yenu itamshika nani mkono?" akamuuliza. "Haya, kula kwanza. Kubomoa ni kazi, haifanywi na njaa."

Afisa akashika kijiko. Alikula, akaomba mkate wa kufutia bakuli. Wiki ile ile akawaandikia wakubwa wake kwamba Habrovka haina chumba kingine cha kungojea treni ila baa hii. Wakubwa wakabisha. Akawaleta wajionee, katika baridi ile ile, kwenye meza ile ile. Nao hawakufunika glasi. Mkataba ukatoka, wa miaka kumi.

Radka, yule binti aliyekuwa mchanga, ameacha kazi ya duka la dawa ili ajifunze bomba. Leo anamimina haraka haraka, na mama yake anamjia juu.

"Taratibu, mwanangu! Treni itakuja nyingine. Bia ukiiharibu haifufuki."

Kabla ya baridi kurudi, Miluše anataka kutoboa dirisha upande wa reli, supu iwafikie hata wasio na muda wa kuingia. Fundi ameshapatikana.

"Miaka kumi, mama!" Pazdera anamchokoza kutoka penye jiko la kuni. "Utakuwa na sabini na mmoja. Pipa utaliweza?"

"Pipa nitalibeba mkono huu, na mkono huu nakutupa nje wewe," Miluše anamjibu, na baa nzima inalipuka kwa vicheko. Anafuta kaunta, anasubiri watulie. "Na hiyo kumi ikiisha, nitaomba mingine kumi."