Vidole Vitatu vya Chokaa

Kila asubuhi, kabla hajakaa kwenye gunia lake, Shorbanu aliokota matofali mawili kutoka kwenye lundo, akayagonganisha karibu na sikio, akasikiliza. Tofali lililoiva hulia kling, kama bakuli la shaba. Lililotolewa tanurini kabla ya wakati wake husema dup, basi. Wanawake wenzake wa kiwanja cha kokoto walikwisha mzoea.

"Shangazi anapiga simu," walisema, wakicheka na kujifunga vipande vya mpira wa baiskeli vidoleni. "Nani kapokea leo?"

Kule Char Kolmi, ardhi ya tope iliyoachwa na mto, hakuna mawe. Chimba mpaka uchoke, utatoa tope na makombe ya konokono. Kwa hiyo kokoto ya zege ni tofali lililovunjwa kwa mkono, na Shorbanu alikuwa amevunja miaka kumi na tisa, tangu maji ya kimbunga yalipomchukua mumewe pamoja na nyumba yao ya mianzi. Bati la nyumba lilionekana kwenye shamba la watu, vijiji viwili mbele. Mume hakuonekana.

Sasa walikuwa wanajenga shule juu ya nguzo. Chini pawe wazi maji yapite, juu watoto wasome, na siku ya kimbunga kijiji kizima kipande huko. Mjukuu wake Tuni, mwenye miaka sita, alikwisha chagua dirisha lake.

Jumatatu hiyo matofali yalisema dup.

Akachukua mengine mawili. Dup. Akalikwaruza moja kwa ukucha, ukucha ukaacha mfereji. Akaliweka juu ya jiwe lake la kuvunjia, jiwe la pekee alilowahi kumiliki, akaligonga mara moja tu, likawa unga mwekundu. Tofali zuri hutaka nyundo tatu, na likipasuka huacha kona kali. Zile kona ndizo saruji inazozishika. Unga saruji haiushiki. Na Alhamisi nguzo zingemwagwa zege.

Akamwita msimamizi, Tofazzel, mtu mwembamba mwenye saa mpya mkononi.

"Mwanangu, haya matofali yameokwa au yameota jua tu?"

"Shangazi, umeajiriwa kuvunja au kuonja?"

"Kuvunja. Lakini haya nikikohoa tu yanavunjika yenyewe."

"Nimeyahesabu moja moja yakishushwa. Idadi iko sawa."

"Hata paka mia na mbuzi mia idadi yao iko sawa."

Wanawake waliangua kicheko. Tofazzel hakucheka. Jioni hiyo, watu wakiondoka, alisimama kwenye njia akawaamuru wafungue vikapu vyao, mmoja baada ya mwingine, mpaka mabakuli ya wali. "Anayejua sana matofali," alisema akimtazama Shorbanu, "labda anayapenda sana."

Kufikia asubuhi kiwanja kikawa kimeharibika. Jorina, aliyezoea kukaa naye bega kwa bega na kumwazima chumvi, alisogeza gunia lake akampa mgongo. Kila mmoja alitazama kikapu cha mwenzake. Shorbanu yeye aliitazama saa ya Tofazzel. Alimtazama akienda kuongea na simu nyuma ya pipa la maji, akainamisha kichwa, akageuka kuona kama kuna mtu. Mwizi, alijisemea, hupenda kuwapekua wengine.

Lakini macho si ushahidi. Jumanne mchana, wenzake wakila, aliutoa mwavuli wake mweusi kwenye mwanzi wa kando ya gunia lake, akaenda gatini, mwendo wa nusu saa juu ya tuta. Mashua ilikuwa ndiyo kwanza inashusha. Akaokota mawili, akagonganisha.

Kling.

"Bibi, unanunua?" aliuliza baharia.

"Nasikiliza."

Akayageuza. Mgongoni kulikuwa na herufi tatu za tanuri. Hakujua kusoma, lakini ile ya katikati ilikuwa kama ng'ombe mwenye pembe moja, na vidole vyake viliijua hata gizani. Yale laini ya kiwanjani hayakuwa na ng'ombe. Basi mashua ilikuwa safi. Na Tofazzel hakuwa anafika gatini kabisa. Alikuwa anapokea kule kule kiwanjani, akihesabu. Shorbanu alisimama pale, mwavuli chini na jua likimpiga, akahisi hatia ya yule mwenye saa inamponyoka mkononi.

Kati ya gati na kiwanja palikuwa na magari ya miguu mitatu tu, maguta matatu. La Modon, la Hashem, na la mwanawe mwenyewe, Lokman. La tatu hakulihesabu. Kisha akajilazimisha kulihesabu, akaona haya, kama mtu aliyemchungulia mwanawe akioga.

Wenye maguta walikuwa kibandani wanakunywa chai, mizigo yao imeshapakiwa. Shorbanu alifungua kopo la tambuu, akachovya kidole gumba kwenye chokaa. Kwenye matofali ya Modon alipiga alama moja moja. Ya Hashem, mbili. Ya Lokman, tatu.

"Unabariki mzigo, shangazi?" Modon alimpigia kelele kutoka kibandani.

"Nafuta mkono! Kunywa chai yako."

Lokman alikuwa amempa mgongo, anasimulia kitu, watu wanacheka. Alikuwa mcheshi tangu utoto.

Alasiri yaliposhushwa kiwanjani, Shorbanu alijifanya anachagua. Alama moja, nyingi tu. Alama mbili, nyingi tu. Akaligeuza lundo lile lote mpaka mpira wa vidoleni ukakatika. Jorina alimtazama kwa pembe ya jicho na kuvuta kikapu chake karibu. Alama tatu haikuwepo hata moja.

Nyumbani hakupitia mbele. Nyuma ya jiko, siku tatu sasa, Lokman alikuwa anamjengea chumba. "Cha tofali, Mama. Maji hayatakugusa tena." Alisema matofali ni ya kinu cha mpunga kilichovunjwa sokoni. Katika maisha yake yote hakuna tofali lililopita mbele ya Shorbanu bila kugongwa, ila hayo. Zawadi ya mwana nani anaigonga?

Chini ya nyasi kavu palikuwa na rundo. Akafunua. Gumba lake mwenyewe lilimtazama, jeupe, mara tatu. Akaenda kwenye ukuta uliofika kifuani, akaugonga kwa nyundo kidogo tu.

Kling.

Mlangoni mwa jiko alisimama Parul, mkamwana wake, ameshika mwiko. Hakuuliza mama unatafuta nini. Aliinamisha macho akarudi kwenye sufuria.

Lokman aliporudi alimkuta mama yake amekaa juu ya rundo.

"Yale laini uliyatoa wapi?"

Alifikiria kudanganya, ilionekana usoni. Kisha akachuchumaa. "Kwenye tanuri lililokufa kule kwenye kona ya mto. Yamenyeshewa, hayana mwenyewe. Natoa moja, naweka moja. Mama, kule yanakwenda matofali elfu na elfu. Haya machache nani atayaona?"

"Mimi nimeyaona."

"Wewe una masikio ya popo! Nimekufanyia wewe. Ulilala juu ya mti siku mbili, unanisimulia tangu niko mdogo. Ulitaka ulale wapi tena?"

"Kimbunga kikija, Tuni utampeleka wapi? Chumbani kwangu?"

"Shuleni," alisema Lokman. "Juu."

"Juu ya nini?"

Lokman alichukua kijiti akachora chini, akafuta.

"Usimwambie Tofazzel," alisema mwishowe. "Atanipeleka polisi."

Shorbanu alimtazama akijaribu kumsikia, kama anavyosikiliza tofali. Uchungu wake kwa mama yake ulikuwa wa kweli. Woga nao ulikuwa wa kweli. Hakuweza tena kujua kipi kinalia na kipi kinasema dup, na akaona kwamba tangu leo kila neno la mtoto huyu, hata salamu, hata "Mama, kula," atalileta kwanza sikioni.

Jumatano alfajiri alianza kubomoa. Ukuta ulishikwa kwa udongo tu, haukumsumbua. Alitoa tofali moja moja, akakwangua udongo, akapanga. Lokman alisimama na mswaki mdomoni, akatazama, kisha akaleta guta. Safari nne.

"Haya yametoka wapi?" aliuliza Tofazzel kiwanjani. Wanawake waliacha nyundo.

"Yalikuwa kwangu," alisema Shorbanu.

"Kwako. Uliyabeba kichwani?"

"Nina njia zangu."

Tofazzel alilitazama guta, akamtazama Lokman, akamrudia mama. Hakuamini hata neno moja, na Shorbanu aliona kwamba haamini. Lakini kesho ilikuwa zege.

"Yale laini yatandike chini ya sakafu ya njia, uyashindilie na mchanga," alisema Shorbanu. "Pale hayabebi mtu. Nguzoni yaende haya."

"Hilo nalijua. Na wewe nisikuone hapa tena, shangazi. Vikapu vya watu nimevipekua kwa ajili yako."

Jorina alisema polepole, "Nilijua," ingawa hakuwa amejua.

Lokman alifungua mdomo. Mkono wake ulikuwa kwenye usukani wa guta. Akautazama usukani, akafunga mdomo.

Shorbanu alimngoja kidogo, muda wa kukunja tambuu moja na kuitia kinywani. Kisha akainama, akaokota matofali mawili kutoka kwenye lundo jipya, akayagonganisha karibu na sikio. Akayarudisha taratibu. Alichomeka nyundo kwenye pindo la sari, akapanda tuta, na badala ya kukata kushoto kuelekea nyumbani alikata kulia, kwenye barabara ya vivuko vya kwenda ng'ambo.

Wenzake walidhani ameenda kununua chokaa ya tambuu, atarudi kuchukua mwavuli. Mwavuli wake ulibaki umekunjuliwa, umefungwa kwa kamba kwenye mwanzi wake, ukilitia kivuli gunia tupu, mpaka mvua za mwezi wa sita zikaung'oa.