Mtaro wa Mashamba Mawili

Mwaka wa 2007 nilikuwa nalima kipande cha shamba Silanga, mtaa wa mabanda jijini, karibu na bwawa. Nilikuwa nimetoka upande wa ziwa miaka michache kabla, na sukuma wiki ya pale ndiyo iliyotulisha siku ambazo mume wangu hakupata kibarua. Shida yangu ilikuwa maji. Mvua za Novemba zilipokuja, yaliteremka kutoka vichochoroni yakasimama kati ya mimea siku nne, tano. Majani yaligeuka manjano kuanzia chini. Ukivuta mche unatoka wote, mizizi imeoza na inanuka.

Asubuhi moja nilishika jembe nikakata njia ya haraka, maji yakashuka. Nilifurahi. Sikuangalia yalikoenda.

Yalienda kwa jirani yangu wa chini, mjane kutoka Machakos aliyeuza makaa na kulima maharagwe. Alikuja amekunja sketi hadi magotini, matope yamemjaa miguuni.

"Mama, maji yako yamelala kwangu," alisema.

Nilijitayarisha kwa ugomvi. Yeye akaniuliza kama nina koleo.

"Kwetu ni milima. Nimechimba mitaro tangu nikiwa msichana. Lete hiyo koleo."

Tulichimba siku mbili. Mtaro wa kwanza ulipita upande wa juu wa shamba langu, ukakinga maji ya vichochoroni kabla hayajaingia. Wa pili ulishuka mpakani mwetu hadi bwawani, na nusu ya upana wake aliitoa kwenye ardhi yake, ambayo haikuwa kubwa. Kisha akanionyesha jinsi ya kuinua matuta. Baada ya wiki mbili majani mapya yalitoka ya kijani kibichi. Mvua ikinyesha leo, kesho naingia kulima na udongo haugandi kwenye jembe. Miaka yote nilidhani udongo wangu ni mbaya, kumbe ulikuwa umekosa hewa.

Matokeo ya uchaguzi wa Desemba yalipotangazwa, ghasia zilifika kwetu jioni hiyohiyo. Siku ya tatu nilipita kwa jirani yangu nikakuta mlango umevunjwa na magunia ya makaa yamebebwa. Hakuwa ameniaga, na simlaumu. Waliokuwa wakifukuza watu wa makabila mengine walizungumza lugha yangu.

Soko la Toi liliungua, na malori ya mboga hayakuingia. Majirani walikuja kwangu kuomba majani, nikawachumia.

Mwishoni mwa Januari mwanamume mmoja wa mtaa wetu, ambaye tulisali naye kanisa moja, alikuja na jembe akasimama kwenye shamba la maharagwe.

"Huyu ameshaenda," akaniambia. "Nataka kupanda hapa. Na huu mtaro nitaujaza, unakula nafasi bure."

Ningependa kuandika kwamba nilimwambia shamba lina mwenyewe. Sikuwa na ujasiri huo. Siku zile neno moja lilitosha kukufanya msaliti. Nikamwambia habari za maji.

"Ukiujaza, mvua ya Machi itasimama kwangu, halafu ishuke kwako yote. Utavuna nini?"

Aliutazama mtaro, akatazama matuta yangu.

"Basi lima wewe," akasema, akaenda zake.

Nikalima. Maharagwe yake yalipokauka niliyang'oa, nikayapura.

Februari, barabara zilipotulia, nilifunga maharagwe na sukuma kwenye mfuko nikatembea hadi Gatina, Kawangware, kwani mama mmoja alikuwa ameniambia jirani yangu anakaa huko kwa kaka yake. Alipofungua mlango alitazama kwanza nyuma yangu.

"Niko peke yangu," nikasema.

Alinipikia chai. Hakuuliza habari za nyumba yake.

"Mtaro je?"

"Unazibwa na mifuko ya plastiki. Nauzibua kila Jumamosi."

"Na ule wa juu?"

"Wa juu pia."

Akaanza kulia, kikombe mkononi. Nilimweleza habari za yule mwanamume, nililosema na nililoshindwa kusema. Alijifuta uso.

"Ungesema hilo lingine wangekuchomea nyumba," akasema.

Hakurudi kuishi Silanga. Lakini kuanzia Aprili alikuja mara mbili kwa wiki, mwanzoni na kaka yake, baadaye peke yake. Tulizibua mtaro pamoja, yeye chini, mimi juu. Ile mvua ya masika sukuma yangu haikugeuka manjano hata tuta moja, na maharagwe yake mapya yalichipuka vizuri. Ilipofika saa kumi alinawa miguu akaondoka. Vijana wakipita njiani wakiongea kwa sauti, alisimamisha jembe hadi wapite, nami nikasimamisha langu.