Kuku wa Shingo Tupu Anayeatamia Washindi wa Jirani

Jua ndiyo kwanza linachomoza nyuma ya migunga, na Nzisa Kimeu ameshapiga magoti mlangoni mwa banda lake la kuku hapa Ikutha, kusini mwa Kitui. Anaingiza mkono polepole ndani ya mtungi wa plastiki uliokatwa katikati na kutandikwa maganda makavu ya mahindi. Kuku aliyelala humo anamdonoa kifundo cha mkono.

"Donoa tu, mama," Nzisa anamwambia. "Ukiacha kudonoa nitajua hutaki kazi."

Kuku huyo si wa kupigwa picha. Shingo yake haina unyoya hata mmoja, na ni nyekundu kama imeunguzwa na jua. Mgongoni ana madoadoa ya kijivu, ya kahawia, na mengine ya rangi isiyo na jina. Tangu juzi anataka kuatamia, na leo ndiyo siku ya kuamua atawekewa mayai ya nani.

Hapo ndipo penye ugomvi.

Ng'ambo ya ua wa miiba anaishi Wayua. Wawili hawa wameolewa na ndugu wawili, wanaimba kwaya moja kanisani, na wote wanauza kuku wa kuzalisha. Wayua hufuga weupe wakubwa, wenye kilemba kilichosimama wima na miguu ya njano isiyo na doa. Mwaka jana jogoo wake alipata utepe wa kwanza kwenye maonyesho ya kilimo mjini Kitui. Tangu siku hiyo wanunuzi hulipita lango la Nzisa bila hata kugeuka. Jogoo wa Wayua huenda kwa shilingi elfu tatu. Wa Nzisa akipata elfu moja, ameshukuru.

Lakini kuku wa Wayua hawaatamii. Hutaga, wakainuka, wakaenda zao. Jogoo aliyeshinda alianguliwa na huyuhuyu wa shingo tupu, akafundishwa naye kuparua chini na kujificha mwewe akipita.

"Siku ya utepe waliuliza, nani amemlea? Wayua akashika kipaza sauti, akasema, 'Ni mimi na Mungu,'" Nzisa anasimulia. "Mungu sawa. Lakini mimi nilikuwa nimesimama palepale, nimebeba kikapu chake."

Je, ana wivu?

"Ninao," anajibu bila kuinua macho. "Pasta amehubiri juu yake, nikasema amina. Nikifika nyumbani, nikisikia yule jogoo akiwika, unarudi."

Naye aliwahi kumpeleka huyu wa shingo tupu kushindana. Mwamuzi alimgeuza, akamfunua bawa, akauliza kama ni mgonjwa. Watu wakacheka, Wayua akiwa mmoja wao.

"Mwamuzi alikuwa akifanya kazi yake. Anatafuta rangi moja, safi," Nzisa anasema. "Lakini hakuna aliyeuliza ametoa vifaranga wangapi. Kumi na mmoja, na wote aliwalea."

Kabla chai haijachemka, Wayua anaingia na beseni la mayai lililofunikwa leso. Mashine ya kuangulia aliyoinunua iliharibu mayai yote stima ilipopotea.

"Mama Nthiwa, umeamkaje?" anamsalimu Nzisa kwa jina la mwanawe.

"Nimeamka. Hayo ni mayai ama ni sadaka?"

"Wacha maneno. Niwekee kama ile mara ingine, nitakupa vifaranga wawili."

"Wawili wako nilipata. Weupe kama chumvi. Walipotoka tu chini ya mama, mwewe aliwaona akiwa bado Makueni."

Wayua anacheka bila kutaka. Kisha Nzisa anataja bei yake, nayo si vifaranga. Anataka jogoo wa utepe aje akae wiki mbili na matetea wake wengine, mabinti wa huyu wa shingo tupu.

"Nikuazime jogoo unishinde naye?"

"Basi rudi na mayai. Kuku wako wayalalie."

Wayua anaweka beseni chini na kuliangalia. Mayai hayangoji, yakikaa sana hayaanguliwi tena.

"Huyo wa shingo tupu nimekuomba uniuzie mara ngapi?" anauliza. "Hata wewe una roho mbaya."

"Hauzwi."

"Si ndiyo hiyo nasema."

Wakati wa mchana, Wayua anarudi na jogoo kwapani, mguu umefungwa kamba ya katani.

"Usimlishe makombo," anaagiza. "Na akipoteza unyoya wa mkia, tutaonana kwa mzee wa kijiji."

Akiwekwa chini, jogoo anakimbilia kivuli cha ghala, anahema mdomo wazi. Joto limemzidi. Matetea wa Nzisa wanaendelea kuparua juani kama hawajaona mgeni. Ndani ya banda, wa shingo tupu ameshayafunika mayai ya Wayua yote.

Nzisa anamtazama jogoo kwa muda mrefu, kutoka kilemba hadi kucha.

"Ni mzuri," anakiri, kama mtu anayeng'olewa jino.

Mpango wake ni kuwaatamisha matetea wake mayai yatakayotokana na jogoo huyu, kisha kungoja vifaranga waote manyoya ili aone nani amerithi nini.

"Nataka mmoja tu. Awe na mwili wa huyu na shingo ya kwetu, avumilie jua. Nitampeleka Kitui. Wakimkataa, simuuzi. Atasimama hapa langoni, Wayua awe anamwona kila asubuhi akienda kuchota maji."