Sauti ya Hanna Sokoni

Hanna Sumari aliuza ndizi katika soko la Kwa Mrombo, jirani na meza ya Lemburis, muuza dawa za wadudu. Siku moja Lemburis alichoka kupiga kelele za kuita wateja, akamwomba Hanna amrekodie tangazo kwenye simu. Hanna akasema, bila kuacha kupanga ndizi zake: "Dawa ya panya, dawa ya mende, kunguni nao wamefika mwisho." Lemburis akaliingiza kwenye spika, likawa linajirudia kutwa nzima.

Mwanzoni wauzaji walilalamika. Baadaye wakazoea, hata Hanna mwenyewe akawa halisikii. Kisha wabeba mizigo wakaanza kuliimba.

"Kwani mimi niliimba?" Hanna akauliza.

"Uliimba, dada," mmoja wao akajibu.

"Nilisema tu. Hebu tusikilize."

Wakasikiliza. Mwanzo yalikuwa maneno ya kawaida. Yalipojirudia na kujirudia, sauti ikapanda kwenye "mende", ikashuka taratibu kwenye "mwisho", na Hanna akajikuta anatikisa kichwa. Tangu hapo hakuweza tena kulisikia kama maneno matupu.

Mwaka uliofuata alifanyiwa upasuaji wa uvimbe shingoni. Uvimbe uliisha, lakini sauti haikurudi kama zamani. Ikabaki ya chini, ya kukwaruza. Kwaya ya usharika akaiacha. Siku aliporudi sokoni, Lemburis alizima spika.

"Nitatafuta mtu mwingine arekodi," alisema. "Sitaki ikuumize."

Hanna alikaa na ukimya huo hadi mchana. Mwishowe akamwonyesha kwa mkono awashe. Hakulia, ingawa Lemburis alihofia angelia. Aliisikiliza kama mtu anayepokea salamu za ndugu aliye mbali, kisha akageukia wateja wake.

Spika ile bado inafanya kazi. Mjukuu wa Hanna, Nalepo, aliyezaliwa baada ya upasuaji, huimba tangazo lile akicheza karibu na meza, akipandisha na kushusha vilevile kama Hanna alivyofanya.

"Hiyo ni sauti yangu," Hanna alimwambia siku moja.

Mtoto akamtazama. "Hapana, bibi. Huyo ni mama wa kwenye spika. Wewe unaongea hivi." Akakwaruza koo lake kuonyesha.

Hanna alimmenyea ndizi mbivu, akamsogeza pembeni ili mteja apite.